MREJESHO: Mwanangu mwenye selimundu, je, nimemtoa shule?

Wadau, mwezi wa tano niliwaomba ushauri: mwanangu wa darasa la nne ana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu makali), anakosa vipindi kila wiki, nimfundishie nyumbani? Asanteni sana mlionijibu.

Sijamtoa. Mwalimu mkuu alinikumbusha kwamba darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo jina libaki shuleni. Siku za maumivu anapumzika, dada yake anamletea daftari la mwenzake, jioni namsomesha mwenyewe.

Kilichonishtua ni hiki. Baridi na kukosa maji huamsha maumivu ya ugonjwa huu, na upepo wetu wa Dodoma wa Juni na Julai mnaujua. Sweta nilimvalisha, chupa ya maji nilimpa, lakini chupa ilirudi imejaa. Kumbe alikuwa hanywi kwa sababu aliogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara! Nililia. Sasa mwalimu wa darasa amemruhusu atoke bila kuomba, na asubuhi za baridi anaingia saa mbili na nusu.

Wiki iliyopita alikosa siku moja tu. Hesabu za sehemu bado zinamsumbua, tunapambana nazo.