Naomba ushauri: bimu imepasuka kwa kutu ya nondo, nyumba iko ufukweni

Wakuu, bimu ya baraza huku Kigamboni imepasuka kwa urefu, sambamba na nondo za chini za milimita 16. Zege linalozifunika ni milimita 15 tu. Kwa upepo wa chumvi ilitakiwa walau 40. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma na hulipasua zege kutoka ndani, kwa hiyo kupiga plasta juu ni kupoteza saruji.

Nitaegemeza bimu, nichimbe milimita 20 nyuma ya nondo, nisugue mpaka ing'ae, nioshe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha nijaze mota ya ukarabati (mchanganyiko maalumu wa saruji wa kuziba zege). Hofu yangu ni chumvi iliyobaki kwenye zege la zamani: kutu huhamia pembeni mwa kiraka. Anodi za zinki (vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo ili viliwe badala yake) nizipange kwa nafasi gani? Nikizitumia, niache praima ya nondo (rangi ya kuzuia kutu)? Na nondo ikiliwa kiasi gani niongeze nyingine?