Tupeane uzoefu: nani amewahi kusali na Wimbo Ulio Bora?

Mama wa Majengo, Goma:
Wapendwa, kile kitabu cha sura 8 tunachokisikia siku ya ndoa tu ndicho kilichonirudisha magotini.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, usiku. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame. Tulitembea kwa miguu mpaka Sake, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Tulilala katika darasa, familia juu ya familia. Nilitaka kusali, neno halikutoka. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa akinong'ona gizani: "Usiku kitandani nalimtafuta mpendwa wa nafsi yangu; nalimtafuta, nisimpate." Nikamhurumia. Nikamuuliza, "Mama, bwana yako amepotea?" Akanigusa mkono. "Bwana yangu huyu hapa, amelala. Ninayemtafuta ni Mungu."

Nililia mpaka kukacha. Yalikuwa maneno ya Wimbo Ulio Bora. Sikujua kama mtu anaruhusiwa kumwambia Mungu "nimekutafuta, sikukupata" na bado ikawa sala. Nililelewa kudhani hiyo ni imani haba.

Ninyi je?

Dada wa Himbi:
Mimi naona haya kuusoma kwa sauti, hata chumbani peke yangu. Lakini nimeanza.

Kaka wa Kadutu, Bukavu:
Dada, usikimbie. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, mmonaki wa zamani wa Ufaransa, alianza kuuhubiri mwaka 1135, akafa 1153 akiwa ametoa mahubiri 86, na alikuwa amefika mwanzo wa sura ya 3 tu! Nilipojua hivyo niliacha mbio zangu za kumaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Sasa nachukua mstari mmoja asubuhi, nashuka nao Kadutu hadi sokoni, nauza nao, narudi nao jioni. Kuna mmoja nimekaa nao wiki tatu.

Mzee wa Birere:
Wanangu, yale ni maneno ya mwanaume na mwanamke, tusiyavue mwili. Nimeishi na bibi yangu miaka 31. Tulipomzika, mchungaji alisoma, "Maji mengi hayawezi kuuzimisha upendo." Nilimkasirikia Mungu mwaka mzima, na kila nilipomkasirikia nilikuwa nazungumza naye.

Mama wa Majengo:
Baba, pole sana. Sikupingi. Nami mwili ndio ulionifundisha: ule mkono wa yule mama, gizani, ulikuwa wa moto. Jina lake sikuuliza. Kama yuko humu, aandike.