Nimekwama: nawezaje kupitisha kamba ya kuvutia kebo kwenye bomba lililozikwa?

Nyaya_Ndefu:
Wakuu, heshima kwenu. Kuna bomba la plastiki la milimita 50 limezikwa kutoka jengo kubwa hadi banda la nyuma, kama mita 60 hivi. Lina kona mbili, moja kila mwisho pale linapochomoza kutoka ardhini. Aliyelizika hakuacha kamba ndani. Nataka kupitisha kebo ya mtandao. Nasikia wengine hutumia mfuko wa plastiki na upepo, wengine waya wa chuma, wengine maji. Kuchimba haiwezekani, juu pameshamwagwa zege. Kazi inatakiwa iishe wiki hii na usingizi sipati. Njia ipi ni rahisi na haina gharama?

Fito_Kumi:
Mkuu, tulia. Mita 60 ni umbali wa kawaida kabisa. Chukua kipande cha mfuko mwepesi wa plastiki, kifunge kwenye uzi laini wa nailoni, kitumbukize upande mmoja. Upande wa pili weka mashine ya kufyonza vumbi na uzibe pembeni kwa kitambaa ili isivute hewa ya nje. Uzi utoke wenyewe kwenye kibunda, usiushike. Ukifika ng'ambo, utumie kuvuta kamba nyembamba, kisha hiyo ivute kamba kuu. Usianze na kamba nene, mfuko hautaibeba. Na mwisho wa uzi ufunge kwenye kitu kizito kabla ya kuwasha mashine. Nimeona watu wakishangilia mfuko umefika, kumbe uzi wote umeingia na kutokea upande wa pili.

Mchimba_Mtaro:
Tatizo ni huyo aliyezika bomba bila kuacha kamba. Kamba ni kitu kidogo sana ukilinganisha na kazi ya kuchimba mtaro. Siku hizi watu wanafukia haraka walipwe waondoke, anayekuja nyuma ahangaike. Mafundi mjirekebishe.

Nyaya_Ndefu:
@Fito_Kumi asante, hiyo nimeijaribu. Mfuko unaenda kisha unasimama. Cha ajabu upepo wenyewe nausikia vizuri upande wa pili.

Kompresa_Kali:
Achana na mashine ya vumbi, tafuta kompresa. Sponji iliyokatwa ikabane vizuri ndani ya bomba, nyuma yake uzi, fungulia hewa. Inatoka kama risasi.

Mama_Breka:
@Kompresa_Kali inatoka kama risasi kweli, ndiyo maana hatari. Hewa ikijikusanya nyuma ya kitu kilichokwama, siku kikiachia kinamvunja mtu jino au jicho. Asiwepo mtu anayechungulia tundu la pili. Hewa iongezwe polepole, na mwisho wa bomba uwekewe gunia la kudaka.

FundiMkongwe:
Nyaya_Ndefu, nisaidie jambo moja. Upepo unapita, mfuko haupiti. Bomba lililobonyea au lililojaa udongo lingezuia na upepo pia. Humo ndani kuna nini?

Nyaya_Ndefu:
Nafasi ipo ya kutosha mkuu. Nilichotaka kujua ni kama waya wa chuma unafaa kuliko mfuko.

Kicheche_Mjanja:
Nyie mnahangaika na upepo! Mwaka 1971 kule Illinois, Marekani, kwenye maabara ya kuharakishia chembe za atomu, walikuwa na mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, fereti, jina lake Felicia. Walimvisha mkanda wenye uzi, akawa anakimbia ndani ya mabomba marefu mpaka mwisho. Kisha watu wanautumia ule uzi kuvuta kitambaa cha kusafishia. Tafuta Felicia wako mkuu.

Fito_Kumi:
😂 Kwenye bomba la milimita 50 labda Felicia mchanga.

FundiMkongwe:
Stori nzuri, lakini swali langu halijajibiwa. Ndani ya hilo bomba kuna nini? Banda lina taa? Umeme wake unapita wapi?

Nyaya_Ndefu:
Sawa. Kuna kebo ya umeme inayolisha banda, inapita humo humo. Sikuitaja kwa sababu haijajaza bomba, na ganda lake ni gumu. Waya wa chuma nimeshanunua, ule bapa wa springi, na kebo ya mtandao ya shaba nimeshanunua. Kichwa cha waya nimekikunja ndoano. Kwa hiyo naomba ushauri uanzie hapo, siwezi kurudi mwanzo.

Mama_Breka:
Mdogo wangu, hapo ndipo ushauri unapobadilika wote. Bomba tupu na bomba lenye umeme ni kazi mbili tofauti. Chuma kinapitisha umeme, na wewe ndiye umekishika upande wa huku. Hiyo ndoano uliyoikunja ndiyo itakayokwaruza ganda la kebo pale kwenye kona, mahali usipopaona. Usiuingize.

Nyaya_Ndefu:
Dada, nitazima breka kabla. Mimi si mtoto.

Mama_Breka:
Kuzima ni lazima, tena upime kwa kipimo kuwa umeme umekatika kweli, na breka uifunge asije mtu akaiwasha wewe ukiwa umeinama huko bandani. Lakini kuzima kunakulinda wewe leo tu. Mkwaruzo unabaki. Ukiwasha tena, unyevu unaingia polepole pale palipochubuka, na siku mambo yakiharibika hakuna atakayekumbuka ndoano. Halafu kuna hiyo kebo ya shaba: ganda lake halikutengenezwa kulala bega kwa bega na umeme mkubwa. Kosa likitokea mle ndani, umeme unapata njia hadi kwenye vifaa vyako na mikono ya wanaovitumia. Nchi nyingi kanuni zinataka vitenganishwe.

Dada_Faiba:
Naunga mkono. Ukibaki na bomba hilo hilo, tafuta kebo ya faiba, ile inayopitisha mtandao kwa mwanga, isiyo na chuma chochote, wala waya wa kuimarisha. Kioo na plastiki havipitishi umeme. Uulize kwanza kama kanuni za kwenu zinaruhusu faiba ya aina hiyo ilale na umeme.

Na kamba nayo usiichukulie poa. Kuna kazi niliikuta, kamba nyembamba ya nailoni ilivutwa kwa nguvu kwenye kona ikaikata elbo (kona) ya plastiki mpaka udongo ukaonekana. Kamba nyembamba ikikimbia chini ya mvuto inapata moto na inakata kama msumeno. Sasa fikiria hapo penye plastiki pangekuwa na ganda la kebo yako ya umeme. Ndiyo sababu wanaovuta kebo nzito hupenda utepe bapa wa poliesta.

FundiMkongwe:
Kona ndizo zinazokula nguvu. Kigezo cha msuguano kikiwa 0.5, kona moja ya nyuzi 90 inazidisha mvuto mara 2.2. Kona mbili, karibu mara 5. Ukivuta unahisi kebo imekwama, kumbe kona ndiyo inayokushikilia. Bomba likiwa na kona nyingi upande mmoja, kebo iingizwe kwa upande huo, ili izipite wakati mvuto bado ni mdogo.

Haki_Tupu:
Samahani wakuu, mimi hii naona chai. Mwanzo bomba halina hata kamba. Baadaye ameshajaribu mashine ya kufyonza. Baadaye tena kuna kebo ya umeme ndani, na waya wa chuma ameshanunua. Kama kebo ya umeme ilipita humo, ilivutwa kwa kamba. Iko wapi? Kuna watu wanatunga visa ili wakusanye majibu yenu.

Mchimba_Mtaro:
Hata mimi nilianza kushtuka. Kila akibanwa kinatokea kitu kipya.

Kicheche_Mjanja:
Yaani Felicia ana ukweli kuliko huyu jamaa.

FundiMkongwe:
Mnamwonea. Kamba inayovuta kebo hutoka pamoja na kebo. Asiyefunga kamba ya pili nyuma ya kebo anaacha bomba bila kamba, na wengi hawafungi. Hilo halithibitishi kisa ni cha kweli, lakini si sababu ya kukikataa. Hata kama kimetungwa, kuna mtu atausoma uzi huu akiwa na waya wa chuma mkononi. Nyaya_Ndefu, leta vipimo: unene wa kebo, na hali ya mdomo wa bomba kila upande.

Nyaya_Ndefu:
Sina sababu ya kutunga, na wala sijaficha kitu, sikujua kuwa ni muhimu kiasi hicho. Kebo ni ya nyaya tatu, unene kama milimita 16. Upande wa jengo ni pakavu. Upande wa banda, mfuko ulipokuwa unakaribia, mashine ilitoa sauti ya kukoroma, na ncha ya bomba ina tope la kijivu.

FundiMkongwe:
Basi jibu unalo. Kukoroma ni maji yamelala kwenye kona ya banda. Hewa inapenya juu yake kwa mabubujiko, mfuko ukifika unalowa na kugandia kwenye kebo. Nafasi ipo: bomba la 50 lenye tundu la karibu 45, kebo ya 16 inachukua kama asilimia 13 tu ya tundu.

Zima, pima, funga breka. Fyonza maji kwa mashine inayomeza maji, mpaka ikome kukoroma. Kisha rudia mfuko, ila uwe mdogo na laini, usibane bomba, kwa sababu unatakiwa kupita pembeni ya kebo. Sponji haitakufaa hapo. Ukishindikana, tumia fito ya faibaglasi yenye kichwa cha mviringo cha plastiki, isukume huku ukiizungusha. Hiyo nayo ikishindikana, chomoa kebo ya umeme ukiwa umefunga kamba mkiani, kamba ibaki ndani, kisha uirudishe pamoja na ile mpya. Hiyo ni ya mwisho, kwa sababu kebo ya zamani inaweza kugoma kutoka.

Fito_Kumi:
Wakati wa kuvuta, tumia mafuta maalumu ya kebo yaliyotengenezwa kwa maji. Grisi inaharibu maganda ya aina nyingi, na sabuni ya vyombo inaweza kulipasua ganda la polithini lililo kwenye mvuto. Na safari hii kamba ya akiba ifuate nyuma ya kebo. Ya polipropilini (aina ya plastiki) inafaa, haiozi kwenye maji.

Nyaya_Ndefu:
Nimewaelewa. Mashine ya kumeza maji naweza kuazima. Faiba nitaiulizia, ingawa kebo ya shaba nimeshailipia na inaniuma. Ila waya wa chuma siurudishi dukani.

Mama_Breka:
Usiurudishe, uweke kwa ajili ya bomba tupu. Ndoano ikate, kichwa kivishe plastiki. Kwa hili lenye umeme hata ndani ya chumba usiuingize. Ukimaliza kufyonza maji, andika hapa mfuko umefika wapi.