Word ya kulipia au ya bure kwa kompyuta ya nyumbani?

Ndugu zangu, habari za wiki? Kompyuta yetu ilikuja na Word ya majaribio, sasa muda umeisha na inadai tulipe. Mimi si mtaalamu. Hapa nyumbani tunaandika barua za kuomba kazi, watoto wana kazi za shule, na hesabu za michango ya chama naziweka kwenye Excel. Nilipe tu, au kuna ya bure isiyosumbua?

———

Dada, salama. Kabla ya kutoa hela, angalia faili zako zinakwenda kwa nani. Kama nyingi unachapisha au unatuma kwa PDF, anayepokea hawezi hata kujua umeandikia wapi, kwa hiyo LibreOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu kama Word na Excel, inakutosha kabisa. Haina malipo. Ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, libreoffice.org. Ukiona ukurasa unaodai kadi ya benki kabla ya kupakua, umepotea njia; wao wenyewe huomba mchango tu, na si lazima.

Usiichanganye na OpenOffice, maana majina yanafanana na watu wengi bado wanaelekezana huko. LibreOffice ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 na kazi kubwa ikahamia huku. OpenOffice inafungua faili za docx (aina ya faili za Word) lakini haiwezi kuzihifadhi kwa docx, na kwa mtu anayetuma maombi ya kazi hiyo peke yake inatosha kuiacha.

Kero utakayokutana nayo ni mawakala wa ajira wanaotaka CV kwa Word, si PDF. Unaiandika vizuri ukurasa mmoja, wao wakiifungua anwani imeangukia ukurasa wa pili. Mara nyingi chanzo ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Calibri ni mali ya Microsoft, kwa hiyo LibreOffice inaweka Carlito mahali pake, ambayo herufi zake zina upana uleule, na mistari haihami. Lakini tangu 2023 Word imeanza kutumia Aptos kama fonti yake ya kawaida, na hati ya Aptos ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo nayo, mpangilio unayumba. Andika CV kwa Arial au Times New Roman, acha nafasi kidogo chini ya ukurasa, na usipange kwa kubonyeza spesi mara ishirini (tunajuana!). Halafu ingia kwenye mipangilio uiambie ihifadhi kwa docx siku zote, vinginevyo itahifadhi kwa odt, aina yake yenyewe ya faili, na utapigiwa simu kwamba faili halifunguki.

Hesabu za michango mimi ningezitoa kabisa kwenye kompyuta yako na kuziweka Google Sheets, yaani karatasi ya hesabu ya mtandaoni kama Excel. Mweka hazina na katibu wanaona karatasi ileile, na hakuna tena faili la "michango mpya ya mwisho kabisa 2". Wape wengine ruhusa ya kusoma tu.

Na kwa wanaoandika Kiswahili: LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Ichague wakati wa kusakinisha, kisha weka Kiswahili kuwa lugha ya hati, ile mistari myekundu chini ya kila neno itapungua.

———

Kaka amesema vyema, ila mimi nisingeanza na kupakua chochote. Dada, waulize kwanza shule ya watoto. Shule nyingi huwapa wanafunzi akaunti ya Microsoft bila malipo, na Word imo. Ila akaunti ni ya shule: mtoto akimaliza inafungwa, kwa hiyo nakala za faili zikae pia nyumbani. Usiweke humo hesabu za chama.

Na hata bila shule, Word ya kwenye kivinjari ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft. Imepunguzwa mambo kadhaa na inataka intaneti, lakini kwa kurekebisha CV ya wakala inafaa, kwa sababu unaiona karibu sana na atakavyoiona yeye.

Kulipa ningelipa kwa sababu moja tu: kama kazini wanakutumia Excel zenye macro, yaani amri zilizopachikwa ndani ya faili ili zifanye kazi zenyewe. Hizo kwingine hukwama. Na ukija kuacha kulipa, faili hazipotei. Word iliyo kwenye kompyuta inakuruhusu kuzifungua na kuzichapisha, lakini kuzihariri hapana.

———

Asanteni sana. Macro sina. Shule nitawauliza Jumatatu, na karatasi ya michango nahamisha leo usiku. Katibu, nitumie anwani yako ya Gmail.