Nimefeli mara ya pili nadharia ya leseni ya unyozi Texas, naombeni ushauri

KinyoziWaTemeke:
Habarini wakuu.

Mimi kinyozi, huu mwaka wa 14. Nilianzia Temeke kwenye kibanda cha mabati, mashine moja na feni moja, nikahamia saluni ya kueleweka Sinza, sasa niko Houston mwaka wa tatu. Huku bila leseni hugusi kichwa cha mtu kwa hela. Chuo nimemaliza saa zote 1,000, lakini mtihani wa nadharia umenikaa kooni. Mara ya kwanza nilipata 61, juzi 66. Pasi ni 70.

Kinachoniuma, darasani wenzangu walikuwa wananiita niwaonyeshe kuchonga fedi na kuweka laini ya ndevu. Wao wamepasi, mimi bado nipo. Tena maswali mengine nilitoka nikiwa na uhakika kabisa. Kuna moja liliuliza kifaa kikishatumika kwa mteja kifanyiwe nini kwanza. Nikachagua jibu lenye spiriti, maana miaka yote nimefuta meno ya mashine kwa spiriti, na Temeke tulikuwa tunayapitishia na moto mteja akiona. Nikaja kuambiwa nimekosa.

Halafu maneno. Kiingereza cha kuongea ninacho, ila cha kile kitabu sijui ni cha nani. Natoka ghalani saa nne usiku, nikifungua kurasa mbili kichwa kinaanguka mezani. Nianzie wapi? Kuna aliyepita njia hii?

dogo_mkali:
Pole sana mkuu. Miaka 14 na mkasi unakuja kuangushwa na kipanya cha kompyuta 😂 Nafuatilia hapa, na mimi nimejiandikisha chuo mwezi huu.

MamaWembe:
Kaka Temeke, pole. Mimi nina leseni, niko Dallas, na nilifeli mara moja kabla ya kupasi, kwa hiyo naongea na aliyeumia kama mimi.

Nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Mkono wako ndio unaokufelisha. Swali likija, wewe unajibu vile ungefanya Sinza siku ya Jumamosi foleni imejaa. Mtihani haukuulizi hivyo. Unataka hatua za kitabu, kwa mpangilio wa kitabu.

Chukua hilo la spiriti. Kiswahili cha mtaani kila kitu ni "kusafisha". Kwenye mtihani kuna ngazi tatu, na kila moja ina jina lake. Ya kwanza ni kusafisha kwenyewe: unatoa nywele zilizonasa, unaosha kwa maji na sabuni, unasuuza, unakausha. Ya pili ni kuua vijidudu kwa dawa iliyosajiliwa na EPA, yaani wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani, inayoua bakteria, virusi na kuvu, kifaa kikizama chote kwa muda ulioandikwa kwenye lebo, na mara nyingi utakuta dakika 10. Ya tatu ni kutakasa, kuua kila kilicho hai pamoja na mbegu za bakteria, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya mashine ya mvuke, otoklevu. Dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, ndiyo maana ukiona neno "kwanza" kwenye swali la kifaa kilichotumika, jibu ni kusafisha. Dawa inafuata.

Na usichanganye dawa ya vifaa na dawa ya ngozi. Ile ya buluu kwenye mtungi haigusi ngozi ya mteja hata iweje. Niliona swali la namna hiyo nikacheka, kisha nikakumbuka kuna mtu lazima aliwahi kufanya.

Kingine, ile karatasi ya matokeo usiitupe. Angalia sehemu uliyopata chini kuliko zote, anza na hiyo. Mimi ya kwangu ilikuwa usafi na magonjwa, nikaacha kabisa kusoma mitindo ya nywele kwa wiki mbili. Mitindo unaijua.

dogo_mkali:
Si kuna programu za simu zina maswali yenyewe kabisa? Mtu unakariri 500 unaingia unatoka.

MamaWembe:
Ndivyo nilivyofeli ile mara ya kwanza, mdogo wangu. Nilikariri kwamba jibu ni C. Swali likaja limegeuzwa, limewekwa neno EXCEPT kwa herufi kubwa, yaani wanataka lile lisilohusika. Mazoezi fanya, lakini kila jibu ujiulize kwa nini matatu yaliyobaki si sahihi.

Yaya_wa_Bukavu:
Jambo kaka. Mi niko Louisville, Kentucky, sheria za hapa na za kwenu hazifanani zote, lakini ngozi ni ngozi na mdudu ni mdudu.

Mi nilipita kwa njia hii: kila ugonjwa wa kitabu nilitafuta mtoto gani wa kwetu alikuwa nao. Kweli! Tinea capitis ilikuwa inanitoroka kila usiku, mpaka rafiki yangu wa Kigoma akaniambia "hayo si mapunye?" Toka siku ile haikutoka tena kichwani. Ni kuvu, inaambukiza, humkati mtu nywele, unamwelekeza kwa daktari. Pediculosis capitis ni chawa wa kichwa. Scabies ni upele wa kuwashwa, kuna kidudu kinachimba chini ya ngozi. Eczema ni ukurutu, na huo hauambukizi.

Mtego mkubwa uko kwenye ndevu, kuna majina matatu yanayofanana. Tinea barbae ni kuvu. Folliculitis barbae ni bakteria wameingia kwenye tundu za ndevu, kuna usaha. Pseudofolliculitis barbae ni vile vipele vyetu vya shingoni, unywele umejikunja ukarudi ndani ya ngozi, na hivyo haviambukizi. Hiyo "pseudo" maana yake ni "ya uongo". Shika hiyo, unapata alama ya bure, maana sisi wenye nywele za kujikunja ndio tunavyo zaidi.

Mwana_Kariobangi:
Huko kwenu mnaita mapunye? Sisi tulikuwa tunaita mashilingi, kwa sababu ya ile duara kama sarafu. Bosi, dada amesema ukweli, jina la nyumbani ndiyo kamba ya kufungia jina la kitabu.

Mimi naongezea upande wa mwili. Usijaribu kumeza mifupa yote ya binadamu. Kichwani ni 22: fuvu 8, uso 14. Ule wa nyuma, pale unapoanzia kufifisha nywele za kisogo, ni oksipitali. Pembeni juu ya masikio ni temporali. Taya la chini, mandibula, ndio mkubwa na wenye nguvu kuliko yote ya uso. Nilikuwa nikinyoa kichwa cha plastiki ninagusa na kutaja kwa sauti. Mke wangu alidhani nimeanza kuomba kwa lugha.

Neva za kichwa ni jozi 12, lakini ukibanwa na muda shika mbili. Ya tano inahisi uso, ya saba inausogeza. Wembe ukikukwaruza, ya tano ndiyo inakuambia. Ukikunja uso, ni ya saba.

Historia isikule muda. Ambroise Paré, kinyozi Mfaransa wa karne ya 16 aliyekuwa mpasuaji mkubwa. Moler alifungua chuo cha kwanza cha unyozi Chicago mwaka 1893. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza kuweka sheria ya leseni, 1897. Ile nguzo ya nyekundu na nyeupe ya nje ya vinyozi inatoka enzi vinyozi walipokuwa wanatoa watu damu. Soma mara moja, endelea mbele.

Mzee_wa_Ngamiani:
Mwanangu, mimi niko Tanga, nimenyoa watu tangu wembe ukinolewa kwenye mkanda wa ngozi, na hakuna aliyewahi kuniuliza karatasi. Lakini nina kijana wangu Columbus, Ohio, amepitia hayo hayo.

Alinipigia simu siku moja anacheka. Anasema, "Baba, ile shabu yako ungefungwa nayo huku." Mnajua shabu, lile jiwe jeupe. Mteja akikatwa kidogo nalilowesha, nampaka, damu inakata, narudisha kwenye kopo. Jiwe moja nilikaa nalo miaka. Kijana akanieleza, na nilinyamaza kidogo kwenye simu. Jiwe limegusa damu ya huyu, kesho linagusa kidonda cha yule. Huko kwenye mtihani jibu ni dawa ya unga au ya maji, inawekwa kwa pamba safi, pamba inatupwa. Jiwe na kile kijiti chake ni marufuku.

Siku hizi ninayo ya unga. Kopo nimebaki nalo, naweka sindano.

MamaWembe:
Shikamoo mzee, hiyo umetugusa sote. Kaka, lishike kwa mpangilio wake: damu ikitoka unasimamisha kazi, unavaa glavu, unasafisha kidonda, unaweka dawa ya kukata damu, unafunika, vilivyogusa damu vinafungwa kwenye mfuko na kutupwa, kifaa kinasafishwa kisha kinaingia kwenye dawa, unanawa mikono. Utaulizwa hatua moja tu kutoka katikati.

KinyoziWaTemeke:
Shikamoo mzee. Nimesoma yote mara mbili hapa mapumzikoni ghalani, nashukuru sana ndugu zangu. Hiyo ya pseudo kuwa "ya uongo" peke yake imenilipa.

Nimeitafuta karatasi ya matokeo. Sehemu mbovu ni usafi, kisha kemia. Kunyoa ndevu nilipata vizuri, zile sehemu 14 za uso na mikato ya wembe nilizijua zote. Kemia ndiyo sijui nishike wapi. Hizo pH na vifungo vya nywele.

Ratiba nimebadilisha. Usiku silazimishi tena. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nasoma dakika 40 kabla watoto hawajaamka. Binti yangu wa darasa la tano ameniandikia kadi, upande mmoja jina la kitabu, upande wa pili la kwetu. Ananihoji kwenye gari nikimpeleka shule, na ananicheka.

Mwana_Kariobangi:
pH ni ngazi kutoka 0 hadi 14, katikati 7. Chini ya 7 ni asidi, juu ni alkali. Kila hatua moja ni mara kumi, si mara mbili, hapo wengi wanaanguka. Nywele na ngozi ziko kati ya 4.5 na 5.5. Dawa kali za kunyoosha nywele, zile za sodiamu haidroksaidi, ziko juu ya 12. Ukiweka namba hizo mbili kwenye mstari unaelewa mara moja kwa nini zinachoma.

Yaya_wa_Bukavu:
Basi tumpime kidogo. Kaka, jibu bila kufungua kitabu.
1. Unywele una tabaka ngapi, na rangi iko wapi?
2. Kipindi ambacho unywele unakua kinaitwaje?
3. Ukilowesha nywele kwa maji ya kawaida, unavunja kifungo gani?
4. Kitana kimeanguka chini katikati ya kazi. Unafanya nini?

KinyoziWaTemeke:
Haya, naapa sijafungua.
1. Matatu. Kutikula nje, koteksi katikati, medula ndani. Rangi nyingi iko koteksi.
2. Anajeni.
3. Disulfidi.
4. Zamani ningekipangusa kwenye suruali 😅 Sasa nakiweka kando na vichafu, nachukua kisafi.

Yaya_wa_Bukavu:
La nne limenichekesha, lakini liko sawa. La tatu umekosa. Maji yanavunja kifungo cha haidrojeni, kile dhaifu kati ya vinavyoshikilia umbo la unywele. Fikiria mteja aliyenyeshewa: nywele zimelegea, zimelala, akikauka zinarudi zilivyokuwa. Hakuna kilichoharibika. Disulfidi ni ya nguvu, maji hayaiwezi, inataka kemikali, kama dawa ya kunyoosha. Ile hairudi hata akikauka wiki nzima, mpaka nywele mpya ziote.

Mwambie binti aandike kadi hiyo kwa wino mwekundu. Jumapili nitakuuliza tena, na sitaliuliza hivi hivi.