Naomba ushauri: mikanda ya filamu ya nyumbani inanuka siki

Habari wakuu. Nina mikanda ya milimita 8, mchanganyiko wa ile ya kawaida na Super 8 (iliyotoka 1965, yenye vitundu vidogo zaidi pembeni). Kila mmoja ni futi 50. Kwa Super 8 ni kama dakika 3 na sekunde 20 ukiendeshwa kwa picha 18 kwa sekunde. Michache inanuka siki na imeanza kujikunja. Projekta siigusi: asetati (plastiki ya mkanda) ikioza husinyaa, vitundu havilingani tena na meno ya mashine, mkanda unachanika.

Ninachokitaka hasa ni kilicho nyuma ya watu: vibao vya maduka, bei zilizoandikwa kwa chaki, baiskeli, mishono ya nguo. Mafundi wengi wa kunakili filamu kidijitali hukata kingo za picha na kulainisha chengachenga, na maandishi yanapotea humo humo.

Kwa skana isiyo na meno (mashine ya kunakili filamu kidijitali), 2K (picha yenye upana wa nukta kama 2,000) inatosha kusoma kibao cha mbali au niombe 4K (kama 4,000)? Viungio vilivyoachia nivirudishie kwa utepe au gundi? Na inayonuka, nimeshaitenga. Iskaniwe kwanza, au igandishwe kwanza ikisubiri zamu?