Mama mwenye dimenshia anaangukaanguka: tuanze kukagua wapi?

Mlezi_wa_zamu: Wakuu, mama wa miaka 79 ana dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) iliyothibitishwa, anatembea mwenyewe. Siku hizi anaanguka, hasa usiku akienda chooni, na mara moja mchana wakati anajibu swali huku anatembea. Anameza amlodipini (dawa ya presha) na dawa ya kuongeza mkojo, zote jioni, na amitriptilini ili alale. Familia inataka afungwe mkanda kitini. Mnashaurije?

Mfamasia_K: Mkanda hapana. Mapaja yatalegea haraka, naye akihangaika kujitoa anaweza kuning'inia shingo.

Pima presha kwanza. Alale dakika 5, umpime. Asimame, umpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, presha yake inaanguka anaposimama. Usisubiri aseme ana kizunguzungu, wengi wenye dimenshia hawasemi. Utamwona anashika ukuta au anarudi kuketi.

Hiyo amitriptilini ndiyo ningeishuku kuliko zote. Inashusha presha mtu akisimama, inafunga choo, tena inavuruga kumbukumbu ambayo tayari ni dhaifu. Msiikatishe ghafla, daktari aipunguze hatua kwa hatua. Dawa ya mkojo muulizeni kama inaweza kuhamia asubuhi, maana ikimezwa jioni ndiyo inayomwamsha usiku.

Fizio_wa_wazee: Naongezea hilo la mchana. Dimenshia ikishika, kutembea kunahitaji umakini. Ukimsemesha unamnyang'anya umakini huo. Asimame kwanza, ndipo mzungumze. Msimwite kutoka nyuma, na maelekezo yawe moja moja.

Kipimo: ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Sekunde 12 au zaidi ni dalili ya hatari. Kisha arudie huku akitaja majina ya wanyama, nawe ukae karibu umdake. Angalia zaidi pale anapogeuka.

Njia ya kitanda hadi chooni iwe na taa usiku kucha. Ondoeni mkeka mweusi, anaweza kuuona kama shimo akajaribu kuuruka. Fremu ya kutembelea isiwe suluhisho la haraka: asiyeweza kujifunza jambo jipya ataiacha mlangoni au ataibeba juujuu. Mazoezi ya kuinuka kitini bila kutumia mikono yanafaa zaidi, mtu akiwa pembeni.

Mlezi_wa_zamu: Asanteni. Na akianguka peke yake, hakumbuki kama aligonga kichwa?

Mfamasia_K: Chukulia amegonga. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, hospitali siku hiyohiyo hata akionekana mzima. Damu inaweza kujikusanya taratibu ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa. Ona kama analala kupita kawaida, analalamika kichwa au anaburuta mguu mmoja.

Fizio_wa_wazee: Kuchanganyikiwa kukizidi ndani ya saa au siku chache, msiseme "ni dimenshia tu". Tafuteni homa, nimonia, upungufu wa maji, choo kilichofunga, mkojo uliokwama usitoke. Ila bakteria kwenye mkojo peke yake wasiwafanye mfunge jalada. Wazee wengi wanao bila kuugua, na chanzo halisi kinabaki bila kutafutwa.